Jinsi miale ya leza inavyofichua makovu ya milima yaliyofichwa na misitu

ILIKUWA Jumamosi, Machi 22, 2014, dakika chache baada ya saa nne na nusu asubuhi, mlima ulipoporomoka karibu na kijiji cha Oso, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Udongo, mchanga na miti mizima vilivuka mto Stillaguamish, vikafunika mtaa wa Steelhead Haven, kisha vikaendelea hadi barabara kuu nambari 530 na kuifukia. Watu 43 walipoteza maisha. Wengi wao walikuwa majumbani mwao, maadamu ilikuwa wikendi.

Kifusi hicho kilikadiriwa kuwa mita za ujazo milioni nane. Kilisafiri zaidi ya kilomita moja kikivuka bonde tambarare, kwa kasi ya takriban kilomita 60 kwa saa. Hapakuwa na wakati wa kukimbia.

Lakini linalowasumbua wanajiolojia hadi leo ni jambo jingine. Picha ya hatari hiyo ilikuwapo. Mwaka 2003, miaka 11 kabla ya mkasa, ndege ilikuwa imepaa juu ya bonde hilo ikirusha miale ya leza chini. Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha kwamba kuta za bonde, upande huu na ule, zimejaa makovu ya maporomoko ya kale, na kwamba baadhi ya vifusi vya enzi hizo vilikuwa vimeenea mbali katika sakafu ya bonde. Aliyesimama barabarani hakuona chochote ila msitu wa kijani na mto unaotiririka kwa utulivu.

Ili kuelewa ni vipi ndege inaweza kuona kile ambacho mkazi wa miaka mingi hakukiona, yafaa tuanze na mbinu iliyotangulia leza, yaani kupima ardhi kwa picha za kawaida zilizopigwa kutoka angani. Ndiyo iliyotuletea ramani nyingi tunazozitumia hapa Afrika Mashariki.

Inua kidole gumba mbele ya uso wako. Fumba jicho la kushoto, kisha lifumbue na ufumbe la kulia. Kidole kitaonekana kana kwamba kimeruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, ilhali ukuta ulio nyuma yake haukusonga sana. Kadiri unavyokileta kidole karibu na pua, ndivyo kinavyoruka zaidi. Akili ya binadamu hutumia mruko huo kukadiria umbali bila sisi wenyewe kujua.

Ndege ya kupima ardhi hufanya vivyo hivyo, ila macho yake mawili hutenganishwa na mamia ya mita. Inaposafiri kwa mstari ulionyooka, kamera iliyofungwa chini ya tumbo lake hupiga picha mfululizo, na kila picha huingiliana na iliyotangulia kwa kiasi cha asilimia 60. Hivyo, kila kipande cha ardhi huonekana katika picha mbili au zaidi, kutoka sehemu tofauti za anga. Kilele cha mlima, ambacho ki karibu na ndege, huruka sana kutoka picha moja hadi nyingine. Sakafu ya bonde huruka kidogo. Ukipima tofauti hiyo, na ukiwa unajua mwinuko wa alama chache zilizopimwa ardhini na maafisa waliokwenda kwa miguu, unaweza kukokotoa mwinuko wa mahali pengine popote panapoonekana katika picha hizo.

Elimu hii huitwa fotogrametria. Zamani ilikuwa kazi ya macho na subira. Mchoraji aliketi mbele ya mtambo wenye lenzi mbili, jicho la kushoto likitazama picha moja na la kulia nyingine, hadi milima ikachomoza mbele yake kana kwamba angeweza kuigusa. Kisha aliongoza nukta ndogo ya mwanga juu ya uso wa mlima huo wa kimawazo, akihakikisha haipai wala haizami, na kalamu upande wa pili wa mtambo ikachora mstari wa kontua.

Ni kwa njia hiyo ambapo idara ya Uingereza ya kupima makoloni, iliyoundwa mwaka 1946, na Idara ya Upimaji ya Kenya zilichora ramani za kiwango cha 1:50,000 ambazo wengi wetu tulifundishwa kuzisoma katika somo la jiografia. Picha zilipigwa na ndege, ramani zikachorwa ofisini, na kontua za nyingi kati ya ramani hizo hupishana kwa mita 20.

Hapo ndipo tatizo linapojitokeza. Mita 20 ni kimo cha jengo la orofa sita. Ngazi ya ardhi yenye kimo cha mita tatu, iliyoachwa na mteremko ulioteleza miaka 200 iliyopita, hupita katikati ya kontua mbili bila kuacha alama yoyote. Isitoshe, palipokuwa na msitu mnene, mchoraji hakuiona ardhi kamwe. Aliona vilele vya miti, akakadiria kimo chake na kukitoa. Kontua za misitu yetu ya milimani ni, kwa kiasi fulani, makadirio ya mtu aliyekuwa ameketi mbali nayo kabisa.

Siku hizi tarakilishi hufanya kazi ya yule mchoraji. Programu hutafuta maelfu ya alama zinazofanana katika mamia ya picha, iwe ni jiwe, kichaka au kona ya paa, kisha hukokotoa kamera ilikuwa wapi kila picha ilipopigwa na kila alama ina mwinuko gani. Ndege ndogo isiyo na rubani, inayobebeka ndani ya mkoba, inaweza kupiga picha za kutosha kuunda umbo kamili la kilima kizima kwa asubuhi moja. Hata hivyo, kasoro ya msitu haikuondoka. Ili mwinuko wa mahali upatikane kwa picha, sharti mahali hapo hapo paonekane kutoka sehemu mbili tofauti za anga. Chini ya miti mikubwa, upenyo unaokuwezesha kuona ardhi ukiwa hapa huzibwa na tawi ukisogea kule.

Leza haihitaji macho mawili. Hilo ndilo jambo la msingi, na aghalabu husahauliwa na wanaoisifu kwa kasi yake au kwa wingi wa vipimo vyake. Mwale mmoja hushuka kupitia upenyo mmoja, hugonga ardhi, na hurudi kwa njia ile ile uliyoshukia. Upenyo mmoja tu unatosha.

Mtambo wenyewe huitwa lida. Ndani yake mna leza inayorusha mamia ya maelfu ya mipigo ya mwanga kila sekunde, na kioo kinachoyumba au kuzunguka ili mipigo hiyo itawanyike kulia na kushoto mwa njia ya ndege. Saa iliyo ndani hupima muda unaopita tangu mpigo uondoke hadi urudi. Kwa kuwa mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ndege iliyo mita 1,500 juu ya ardhi hupata jibu baada ya sehemu 10 tu za milioni ya sekunde. Saa hiyo ikikosea kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, mwinuko utakosewa kwa sentimita 15.

Kujua umbali pekee hakutoshi. Ni lazima ijulikane ndege ilikuwa wapi na ilikuwa imeinama vipi wakati kila mpigo uliporushwa. Mahali pa ndege hupatikana kwa GPS, ikisaidiwa na mtambo mwingine wa GPS uliosimikwa chini mahali panapojulikana barabara. Mwinamo hupimwa na kifaa kingine kinachohisi kila mtikisiko. Kosa la sehemu moja ya mia ya nyuzi katika mwinamo huhamisha nukta kwa zaidi ya robo mita, ndege ikiwa katika kimo hicho cha mita 1,500. Ndiyo maana gharama kubwa ya kazi hii haiko katika leza yenyewe, bali katika vifaa vinavyoilinda isidanganywe na upepo.

Mpigo mmoja unaweza kurudi kwa mafungu. Sehemu ya mwanga hugonga kilele cha mti, nyingine tawi la katikati, nyingine kichaka, na iliyosalia hufika ardhini. Mtambo hunakili kila jibu kwa zamu yake. Matokeo yake ni kile wanachokiita wingu la nukta: mabilioni ya nukta zinazoelea, kila moja ikiwa na mahali pake na mwinuko wake, zikichora msitu mzima kuanzia vileleni hadi mizizini.

Kisha kazi ya kuchambua huanza. Programu huchukua nukta za chini kabisa katika kila eneo, huunda uso wa muda, halafu hujiuliza kuhusu kila nukta nyingine kama yaweza kuwa sehemu ya ardhi au imepanda ghafla mno. Zilizopanda ghafla huondolewa. Tuseme mipigo 10 ilirushwa juu ya kila mita mraba na tisa kati yake ikazuiwa na majani. Ule mmoja uliopenya unatosha kukupa mwinuko wa kila mita ya mlima. Mwishowe msitu wote huwa umevuliwa kama blanketi, na ardhi kubaki uchi.

Tarakilishi humulika umbo hilo kwa jua la kubuni, kwa kawaida likiwekwa chini upande wa kaskazini-magharibi, ili kila kipindo kitupe kivuli. Mtaalamu aliyezoea kusoma picha hizo huyaona makovu mara moja. Juu kuna ukingo wenye umbo la ukwato wa farasi, pale ardhi ilipokatika. Chini kuna rundo la matuta yaliyokunjamana, pale ilipokwenda kulala.

Eneo hilo la Washington halikupimwa kwa sababu ya maporomoko. Mwaka 1996 shirika la huduma za maji lilitaka kujua jinsi mvua inavyopenya ardhini katika kisiwa cha Bainbridge, ng'ambo ya bahari kutoka jiji la Seattle, likaagiza upimaji wa leza. Picha ilipotoka, pale palipokuwa na msitu mnene palionekana ngazi iliyonyooka ikikatiza kisiwa. Ulikuwa ni ufa wa tetemeko la ardhi ambao hakuna aliyekuwa ameuona pale. Wanajiolojia walichimba mitaro kuukatiza, wakathibitisha. Tangu hapo mashirika ya umma ya eneo hilo yaliungana mwaka 1999 kuchangia gharama za kupima sehemu nyingine, na ndivyo bonde la Oso lilivyofikiwa mwaka 2003. Lilipimwa tena mwaka 2013.

Mteremko ulioua watu 43 haukuwa mgeni kwa wenyeji wala kwa serikali. Ulikuwa umeteleza mwaka 1951, ukateleza 1967, na Januari 2006 ukateleza tena na kuuziba mto kwa muda. Mwaka 1999 mwanajiolojia Daniel Miller alikuwa ameonya katika ripoti yake kwamba mteremko huo unaweza kuporomoka kwa kishindo kikubwa. Hata hivyo, maporomoko hayo yote yalikuwa madogo yakilinganishwa na yale yaliyofuata, na yaliishia mtoni au karibu nao. Anayepima hatari kwa kumbukumbu za wazee au kwa picha za miaka 60 pekee angesema kwamba nyumba zilizo ng'ambo ya mto zina usalama wa kutosha. Ramani ya leza ilikuwa na kumbukumbu ndefu zaidi.

Wiki chache baada ya mkasa, Ralph Haugerud wa taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani alichapisha ramani ya bonde hilo akitumia picha za kabla ya 2014. Aliyapanga makovu kwa umri kwa kutazama ulaini wake. Kifusi kipya huwa na matuta makali na mashimo, kisha mvua na mizizi huyalainisha karne baada ya karne. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walikwenda mbali zaidi. Walitafuta magogo yaliyozikwa ndani ya vifusi vya kale, wakapima umri wake kwa kaboni, na kuulinganisha na ukwaruzo wa uso katika picha za leza. Poromoko kubwa lililo jirani na lile la 2014 liligunduliwa kuwa na umri wa takriban miaka 500. Kwa jumla, walikadiria kwamba maporomoko makubwa hutokea katika bonde hilo kila baada ya miaka 140 hadi 500.

Swali la kwa nini ramani ya 2003 haikuwafikia waliokuwa wakijenga nyumba limeulizwa mahakamani na kwingineko. Baadhi ya manusura walisema hawakuwahi kuelezwa chochote. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilikubali kulipa waathiriwa dola milioni 50, na kampuni ya mbao iliyomiliki ardhi ya juu dola milioni 10. Kwa maoni yangu, itakuwa kosa kumlaumu aliyeshika ramani kana kwamba ilikuwa na tarehe juu yake. Haikuwa nayo. Ilisema tu kwamba hapa ardhi imewahi kwenda mbali, na yaweza kwenda tena. Lakini sentensi hiyo moja, ikitamkwa mbele ya mtu anayetaka kununua ploti, ina uzito.

Jimbo hilo lilijifunza. Mwaka 2015 bunge lake lilitenga fedha ili idara ya jiolojia ikusanye picha za leza, izichambue kwa ajili ya kutambua maporomoko, na kuziweka wazi kwa umma. Leo yeyote mwenye intaneti anaweza kuuvua msitu ulio juu ya nyumba yake bila kulipa chochote.

Kwetu mambo haya si hadithi za mbali. Machi 1, 2010, mteremko wa Mlima Elgon ulifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, mashariki mwa Uganda. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, milima ya Pokot Magharibi iliporomoka na kuua makumi ya watu katika vijiji vya Nyarkulian, Parua na Tapach. Novemba 1, 2025, ikawa zamu ya Chesongoch, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet, mahali ambapo matope yalikuwa yamewahi kuua hapo awali.

Je, tuagize ndege za leza? Jibu langu ni kwamba inategemea kilicho juu ya mteremko. Palipokwisha kufyekwa na kulimwa, picha za ndege isiyo na rubani, baada ya kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, hutoa umbo la ardhi lisilotofautiana sana na la leza, kwa gharama ndogo mno. Leza inafaa mahali ambapo msitu ungali umesimama: kuta za Elgon, milima ya Cherang'any, Aberdare. Katika mashamba ya majani chai, ajabu ni kwamba zote mbili hutatizika. Kichaka cha chai ni kifupi na kinene, hivi kwamba jibu kutoka kwenye majani na jibu kutoka ardhini hurudi karibu kwa wakati mmoja, na mtambo hushindwa kuyatenganisha.

Zipo kasoro nyingine. Leza haipenyi mawingu wala ukungu, na milima yetu huvaa ukungu miezi mingi. Mwanga wake wa kawaida humezwa na maji, kwa hivyo haupimi kina cha mto. Programu ya kuchambua inaweza kuikata kona ya jabali ikidhani ni mti, au kuiacha nyumba ya matope ikidhani ni kichuguu. Zaidi ya yote, haioni kilicho chini ya udongo: maji yanayojikusanya, tabaka la mfinyanzi linaloteleza. Hayo bado yanahitaji mtu mwenye buti na sururu.

Wengine watasema tayari tuna vipimo vya bure kutoka angani, nao wako sahihi kwa sehemu. Februari 2000 chombo cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko kwa rada, na mwaka 2014 Marekani ilianza kutoa vipimo hivyo vya kila mita 30, ikitanguliza Afrika. Ni hazina kwa anayetaka kujua mafuriko yatateremkia wapi. Ila katika msitu rada hiyo huishia ndani ya majani, na kovu lenye upana wa mita 15 hupotea ndani ya mraba mmoja.

Picha za zamani, kwa upande mwingine, zina jambo moja ambalo leza haitakuwa nalo kamwe: zilikuwapo kabla. Filamu za ndege zilizopiga picha nchi hii kuanzia miaka ya 1940 zingalipo, nyingi zikiwa zimehifadhiwa mjini Edinburgh, Uskoti, na zinaweza kuingizwa katika programu zile zile zinazotumiwa na ndege zisizo na rubani. Kutokana nazo hupatikana umbo la mteremko kama ulivyokuwa miaka 60 au 70 iliyopita. Ukilitoa umbo hilo katika umbo la leo, kinachobaki ni ramani ya udongo uliohama, mahali ulipotoka na mahali ulipolala, kwa mita za ujazo.